Kaktasi ya mama mkwe imekataa kuchanua Kisumu

Mjomba wa Miche, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako kutoka Mamboleo, Kisumu. Mume wangu anasema jambo hili si la kuandikiwa barua, lakini si yeye anayepigiwa simu na mama yake kila Jumapili kuulizwa habari za ua.

Mama mkwe wangu anakaa Njoro, kule Nakuru. Kwenye veranda yake ana kaktasi ya Krismasi aliyoilea tangu mume wangu akiwa shule ya msingi. Imepandwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kwa msumari, na ikichanua mkebe wenyewe hauonekani tena, ni maua ya rangi ya waridi tupu yaliyoinamia chini. Tulipooana alikata vipande, akavipanda, vikashika, akanikabidhi mche. Mwaka wa kwanza tulikuwa bado tunaishi Nakuru, na mche ule mdogo ulitoa maua matano. Kisha mume wangu akapata kazi huku Kisumu, tukahama nao.

Tangu hapo sijaona hata kitumba. Si kwamba mmea umekufa. Umenenepa, umetanda, majirani wanausifu. Niliutoa kwenye mkebe nikautia kwenye chungu kizuri cha kauri cha kupambia nyumba, nikaujazia udongo mweusi kutoka shamba la rafiki yangu upande wa Ahero, maana udongo ule una sifa ya rutuba. Upo sebuleni kando ya televisheni, karibu na dirisha linalotazama machweo, ili kila anayeingia auone. Nimeutilia mbolea ya kuku, na CAN kidogo iliyobaki baada ya kunyunyizia mahindi. Majani yakazidi tu. Siku hizi baadhi yamenywea, na yale ya upande wa dirisha yanageuka zambarau. Jirani mmoja ananiambia kaktasi ni ya jangwani, niipe maji mara moja kwa mwezi. Mwingine anasema kwa joto hili la ziwani niimwagilie kila asubuhi. Nimemsikiliza huyu, nikamsikiliza yule.

Mama mkwe anakuja Krismasi. Nilipomwambia kwamba ua bado, alinyamaza, kisha akasema kwamba wao walipokuwa wasichana waliambiwa ua hilo halichanui katika nyumba isiyo na amani. Hakusema kwa ubaya. Lakini wifi yangu alikuwa karibu na simu, na sasa neno limezunguka ukoo mzima. Mjomba, nyumba yangu ina amani. Ugomvi wetu mkubwa ni wa rimoti, kwa kuwa mume wangu hutazama mpira hadi saa tano, saa sita usiku, na taa imewaka.

Rafiki yangu ananishauri ninunue nyingine iliyokwisha kuchanua niiweke mahali pa hii, mama asijue. Unaonaje? Na jambo la mwisho: mtoto wangu wa miaka miwili ametafuna pingili moja juzi. Hakuumwa, lakini je, ina sumu?

Nakutumia na picha.

Mkaza mwana, Kisumu


Marahaba, mkaza mwana.

Nianze na mtoto, maana hayo mengine yanaweza kungoja. Kaktasi ya Krismasi haihesabiwi kati ya mimea yenye sumu, si kwa binadamu wala kwa paka na mbwa. Akitafuna pingili, kubwa la kuogopa ni kupaliwa, au tumbo kuchafuka kidogo. Lakini hofu yako ina chanzo, kwa sababu hapa kwetu mimea mingi yenye sura ya kaktasi si kaktasi. Mnyaa unaozungushwa mabomani, na ile miti mikubwa yenye matawi ya pembe iliyojaza msitu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ni ya jamii ya yuforbia. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi, na ukiingia machoni ni hatari kubwa. Kaktasi yako ukiivunja haitoi maziwa. Mtoto akitafuna kitu kinachotoa maziwa meupe, usiniandikie barua, mkimbize hospitali.

Sasa hiyo amani. Nimeikuza picha yako kwenye simu, nikaona kitu ambacho hukukitaja: pazia lako ni jepesi, na nje ya dirisha hilo kuna taa ya usalama ya ploti. Ukijumlisha taa hiyo, televisheni, na balbu ya sebule inayowaka hadi saa sita, nimepata jibu langu kabla sijafika kwenye udongo wala mbolea. Ua lako linakosa usiku. Ndoa yako haimo katika kesi hii, isipokuwa huo mpira.

Mmea huu asili yake ni Brazili, kwenye milima ya pwani karibu na Rio de Janeiro. Huko haumei jangwani wala hata ardhini. Unaota juu ya miti na kwenye nyufa za majabali, ndani ya misitu yenye ukungu. Ukitaka kuuelewa, nenda Msitu wa Kakamega utazame juu: zile okidi na mimea mingine iliyoshikilia matawi makubwa, ikinywa mvua inayopita na kula majani yaliyooza kwenye pembe za tawi. Hayo ndiyo maisha ya kaktasi yako. Kwa hiyo majirani zako wote wawili wamekosea, na nitarudi kwao.

Sasa, mmea wa msituni unajuaje kwamba wakati wa kuchanua umefika? Huu unapima usiku. Giza likirefuka kupita kiwango fulani, siku baada ya siku, ncha za pingili zinaacha kutoa majani na kuanza kutoa vitumba. Kwao Brazili, ambako ni kusini ya ikweta, usiku hurefuka kuelekea Juni, ndiyo maana Wabrazili huliita ua la Mei. Ulipopelekwa Ulaya katika karne ya 19, usiku mrefu wa kule ulikuja Oktoba na Novemba, na maua yakaangukia Desemba. Krismasi ya jina lake ni ya baridi ya Uingereza. Mmea wenyewe hauna sikukuu.

Wewe uko Kisumu, ambako ikweta inapita hatua chache tu kaskazini mwako, pale Maseno. Hapa kwetu Januari na Julai ni mamoja: mchana ni saa 12 na dakika chache, usiku ni saa 12 kasoro dakika chache, mwaka mzima. Hakuna msimu unaokuja kuuambia mmea kwamba wakati umefika. Na hizo saa 12, ambazo tayari ziko ukingoni mwa kinachohitajika, sebuleni kwako zinamegwa. Taa inazimwa saa sita, mnaamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto wa shule, na katikati ya hapo taa ya ploti haizimwi. Mmea wako unaishi katika kiangazi kisichokwisha cha nchi za kaskazini, na katika kiangazi kazi yake ni kuongeza majani. Unaifanya vizuri sana.

Utaniuliza, mbona Njoro huchanua, na Njoro nayo iko jirani na ikweta? Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kuna mlango wa pili, nao ni baridi. Usiku ukishuka hadi nyuzijoto 10 au 13 hivi kwa majuma kadhaa, kaktasi hii hutoa vitumba bila kujali sana urefu wa giza. Njoro iko juu ya mita 2,000, na veranda ya mama mkwe wako usiku ni baridi ya kujifunika blanketi mbili. Kisumu iko mita 1,130 na kitu, usiku wake ni nyuzijoto 17 au 18, na ndani ya nyumba ya mabati iliyofungwa madirisha joto linakaa juu zaidi ya hapo hadi alfajiri. Mama hakuwa na ufundi wa siri. Alikuwa na veranda.

Ila nisimpuuze kabisa, kwa kuwa wazee waliyasema maneno yao baada ya kuangalia. Nyumba yenye utulivu ya zamani ilikuwa nyumba iliyozima taa ya chemni saa mbili na nusu watu wakalala. Nyumba yenye vurugu taa ilikesha. Inawezekana waliona jambo la kweli wakalipa sababu nyingine. Ukitaka kumwambia wifi yako hivyo, una ruhusa yangu.

Barua yako imenifikia mwanzoni mwa Agosti, na hiyo ni heri, maana kazi ya kwanza ni kuutoa mmea kwenye kile chungu kabla ya kuuingiza gizani. Kwa kawaida ningekuambia usibadilishe udongo mpaka maua yapite. Lakini udongo mweusi wa tambarare za Kano, huo wa Ahero, ndani ya chungu kisicho na tundu ni kisima. Ukilowa unavimba na kuziba hewa, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Mpunga wa Ahero unaupenda kwa sababu mpunga unapenda kusimama majini. Mmea wa juu ya mti hauwezi.

Utoe taratibu, utikise udongo, utazame mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya hudhurungi hafifu na ina uimara ukiibonyeza. Iliyooza ni nyeusi na inachubuka vidoleni. Kata yote iliyooza kwa kisu safi. Nina wasiwasi utakuta mingi, kwa sababu pingili kunywea huku udongo una maji maana yake mizizi haifanyi kazi tena: mmea una kiu na umesimama ndani ya maji. Hilo huwachanganya watu, wanaona umenywea, wanaongeza maji, wanaumaliza.

Rafiki yako wa Ahero bado anaweza kukusaidia. Badala ya udongo, akuletee gunia la makapi ya mpunga kutoka kinuni. Yachome nusu, yawe meusi lakini yasiwe majivu. Changanya sehemu moja ya makapi hayo, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, na sehemu moja ya mboji iliyoiva, ile inayonukia msitu na si zizi. Ukimpata mtu anayepitia Naivasha, mwombe akubebee mfuko wa zile kokoto nyepesi za volkano ambazo wakulima wa waridi hupandia kwenye vibanda vyao. Hizo zinapita mchanga kwa mbali. Ukiminya mchanganyiko wako mkononi ukaachia, unapaswa kufumka. Ukibaki tonge, ongeza makapi.

Na chombo? Rudi kwenye mkebe. Nasema kweli. Tundu nne tano chini, na uwe mdogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa kaktasi hii huchanua vizuri zaidi mizizi ikiwa imebanana. Kile chungu cha kauri usikitupe, mkebe unaweza kukaa ndani yake siku za wageni, mradi usiache maji yatuame chini.

Maji, sasa. Tia kidole kwenye udongo hadi kwenye kiungo cha kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uyaache yaishe kabisa. Pakiwa na unyevu, ondoka. Huenda ikawa kila baada ya siku nne wakati wa jua kali, huenda ikawa siku kumi mvua zikinyesha. Sitakupa ratiba, na anayekupa ratiba hajui nyumba yako.

Rangi ya zambarau ni jua. Dirisha lako linatazama magharibi, na jua la saa tisa la Kisumu halina huruma na mmea uliozoea kivuli cha msitu. Uupeleke upande wa mashariki upate jua la asubuhi hadi saa tatu hivi, au mahali penye mwanga mzuri bila jua lenyewe. Kuna jambo watu wa ikweta tunalisahau: jua letu huhama. Hadi Septemba 23 hivi liko upande wa kaskazini, baada ya hapo linavuka kwenda kusini hadi Machi. Baraza inayotazama kusini, ambayo sasa ina kivuli, Desemba itapigwa na jua. Inayotazama kaskazini ndiyo itakayokuwa na kivuli wakati huo. Kabla ya kuchagua mahali pa kuuweka msimu mzima, chagua kwa jua la Desemba.

Mbolea ya kuku na CAN, acha. CAN ni naitrojeni, imeundwa kuyapa mahindi majani, na wewe umeyapata majani. Usiupe chochote tena hadi maua yamalizike. Mwakani, ukiwa unakua, kijiko kidogo cha mbolea ya NPK ya kuyeyuka kwenye maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, kinatosha.

Hayo yote ni matengenezo. Maua yatatokana na hili linalofuata.

Karibu na Septemba 20, tafuta katoni kubwa isiyopitisha mwanga, ile ya friji au ya televisheni, uzibe matundu ya kushikia kwa gundi ya karatasi. Leso haitoshi, mwanga unapenya. Mfuko mweusi wa plastiki nao unahifadhi joto na unaozesha. Kila siku saa 12 jioni funika mmea kwa katoni, na usiifunue hadi saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 14 za giza kamili. Fanya hivyo kila siku kwa majuma sita, na usiruke. Usichungulie na tochi ya simu saa nne usiku kuona kama kuna kitumba. Mmea huu unahesabu giza lisilokatizwa, na taa ya katikati ya usiku inaugawa usiku mmoja mrefu kuwa miwili mifupi, nayo haina thamani. Hata stima ikipotea mtaa mzima usiseme leo giza lipo la kutosha, kwa kuwa itarudi saa tano na balbu zote zilizosahaulika zitawaka kwa pamoja.

Katoni hiyo isikae sebuleni. Ikae nje, kwenye baraza yenye paa, mahali pasipofikiwa na mvua za vuli zitakazoanza Oktoba. Sababu ni joto. Usiku wa nyuzijoto 15 hadi 20 giza linafanya kazi yake bila shida, na usiku wa Kisumu wa nje uko humo humo. Ukizidi 22, 24, hata ufunike namna gani vitumba vinaweza kukataa. Sebule yako usiku iko huko. Mchana, baada ya saa 2, mmea unahitaji mwanga mzuri, kwa hiyo usiusahau ndani ya katoni ukaenda sokoni, giza la mchana kutwa halina faida. Kama huna anayebaki nyumbani, fundisha mtoto mkubwa. Kazi ya kufunua na kufunika katoni watoto huipenda kwa juma la kwanza, majuma matano yaliyobaki utaifanya mwenyewe.

Siku unayoanza giza, fanya jambo moja ambalo wakulima wa maua ya biashara hulifanya na watu wa nyumbani hawalijui. Pitia kila tawi, na kila pingili changa iliyo nchani, ile fupi isiyofika nusu ya mwenzake, izungushe kwa vidole uiondoe. Pingili changa haitoi kitumba. Ukiziondoa, kila tawi linaishia kwenye pingili iliyokomaa, na maua yanakuja kwa pamoja badala ya moja leo na lingine baada ya mwezi. Katika kipindi hiki punguza maji kidogo pia, bila kuuacha unywee.

Mwanzoni mwa Novemba tazama ncha. Utaona vichomozo vyekundu, vidogo sana. Hapo ndipo unapoacha katoni, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu kila kitu kwa furaha. Wanaubeba mmea kuuonyesha jirani, wanaugeuza upande mzuri utazame mlango, wanauhamishia mezani. Siku tatu baadaye vitumba viko sakafuni. Vitumba vichanga havivumilii mabadiliko ya ghafla: mahali papya, upepo wa feni, udongo kukauka kabisa mara moja, au maji kupita kiasi. Ulipotoa vitumba ndipo uchanulie. Mama mkwe akija na maua yako barazani, mwekee kiti barazani.

Kutoka siku ya kwanza ya giza hadi maua kufunguka ni kama majuma 12. Ukianza Septemba 20 unafika katikati ya Desemba. Kila ua litakaa siku chache tu kwa joto la huko, Njoro hukaa zaidi, lakini hayafunguki yote siku moja, na utafika Krismasi ukiwa nayo. Nikitazama picha tena, kingo za pingili zako zina meno yaliyochongoka. Hii ndiyo ile ambayo wataalamu huiita Schlumbergera truncata, na kwa Wamarekani ni kaktasi ya sikukuu yao ya Shukrani, kwa sababu kwao huwahi kuchanua mwezi Novemba. Chotara wake mwenye kingo za mviringo ndiye kaktasi ya Krismasi hasa, na huchelewa majuma machache. Kwa hiyo usianze giza mapema kuliko nilivyosema ukidhani unajipa nafasi, utachanuliwa mama akiwa bado anapanga safari. Na jina tafadhali usimsahihishe.

Sasa huyo rafiki yako wa kununua nyingine. Mimi ni muuza miche, ningefurahi ununue, lakini si kwa hila hiyo. Mche uliopewa ulitokana na kipande, si mbegu, na maana yake ni kwamba kaktasi yako ni mwili uleule wa ile ya Njoro, rangi ileile, mkunjo uleule wa petali. Mwanamke aliyeilea tangu mwanawe akiwa shule ya msingi ataingia, atatazama kaktasi ya dukani, na hatasema kitu. Halafu atasema kwa wifi yako. Mimea hii huishi miaka mingi mno ikitunzwa, watu huirithishana, na wewe ungetupa huo urithi kwa ajili ya maua ya majuma mawili. Tena ya dukani imetoka kwenye kibanda cha joto na unyevu uliopimwa, na ikifika sebuleni kwako inaweza kudondosha vitumba vyake vyote kabla ya mgeni kushuka kwenye matatu.

Mizizi ikiwa imeoza sana ukautoa mmea na ukabaki na matawi bila chini, usilie. Huna haja ya kungoja mvua wala bahati. Piga simu Njoro kabla ya Desemba, mwambie mama ukweli kuhusu joto na taa, umwombe vipande vingine. Usimwombe mche wenye vitumba, vitakuwa vimeisha kudondoka Kericho kabla hajafika Ahero. Aje na vipande vya pingili tatu tatu, vilivyozungushwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu, vimefungwa kwenye gazeti kavu. Siku mbili tatu za kukauka kidonda ndizo zinazohitajika, kwa hiyo avitoe siku hizo kabla ya safari, au uvingoje vikauke vikishafika. Vichomeke kwenye ule mchanganyiko wa makapi, pingili ya chini izame nusu tu, vitatu kwenye mkebe mmoja, kivulini, na unyevu kidogo usiozidi. Baada ya mwezi hivi ukikivuta kwa upole kikagoma, kimeshika.

Wako,
Mjomba wa Miche